Spika Mbili na Sauti ya Kaka Yangu



Jumatatu iliyopita katekista wetu alinijia na swali alilolibeba kwa adabu kubwa. Alisema kwamba majirani wa nyumba ya mapadre wamekuwa wakisikia usiku mlio mnene, kama wa nyuki walionaswa ndani ya pipa, unaoanza baada ya chakula cha jioni na kuendelea hadi karibu saa sita, na kwamba mama mmoja wa jumuiya iliyo nyuma yetu ameuliza kama Baba Paroko yu mzima. Napenda kuwatoa hofu. Paroko ni mzima. Mlio ule ulitoka kwenye spika mbili mpya zilizolazwa chali sakafuni chumbani kwangu, ambazo nilizichezesha kwa sauti nene usiku tatu mfululizo ili zilainike kabla ya kuzifunga ndani ya makasha yake. Nawaomba radhi wote walionyimwa usingizi. Na kwa kuwa nimekwisha kuulizwa, juma hili nitawaeleza jambo lenyewe tangu mwanzo wake.

Kabla hamjaleta swali la pili, fedha zilizotumika si za sadaka wala za zaka. Ndugu zangu walinipa bahasha katika kumbukumbu ya miaka 15 ya upadre wangu, nami nilikuwa nimekwisha kuamua itakwenda wapi.

Mwaka 1996, wakati wa likizo ya seminari ndogo, nilikuwapo kwaya ya kigango chetu cha nyumbani iliporekodiwa. Padre mmisionari aliyekuwa anaaga kurudi kwao alileta kinasa sauti chake cha kaseti pamoja na maikrofoni mbili. Alizifunga juu ya mti mmoja mbele ya kwaya, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia, akatusihi sisi watazamaji tusikohoe. Waimbaji wa sauti ya kwanza na ya pili walisimama kushoto. Wa sauti ya tatu na ya nne, kulia. Mama yetu aliimba sauti ya pili. Kaka yangu aliimba ya tatu, na ndiye aliyekuwa akianzisha mashairi, kwa hiyo walimweka mwanzoni mwa mstari wa wenzake, hatua mbili tatu kulia kwa mwalimu wa kwaya. Namwona hadi leo, mikono nyuma, kidevu juu kidogo.

Kaka alifariki mwaka 2008. Picha zake tunazo chache. Sauti yake ipo mahali pamoja tu, katika kaseti ile, ambayo mama aliihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga lisipenye unyevu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa parokia aliihamishia kwenye kompyuta, akaifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sijui nimlipe nini.

Nilipoisikiliza kwa simu, kaka alikuwa mdogo kama sisimizi ndani ya kiberiti. Kwa hedifoni alisikika vizuri, lakini aliimba katikati ya fuvu langu, si mbele yangu. Nilitaka asimame chumbani. Nilitaka asimame pale alipokuwa amesimama.

Hilo linawezekana, na si uchawi. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, aliomba hataza ya njia ya kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili mnamo Desemba 1931. Mwaka 1935 alipiga filamu ya treni zikipita katika kituo cha Hayes, karibu na London, na mtazamaji aliisikia treni ikisafiri kutoka upande mmoja wa pazia hadi wa pili. Aliaga dunia mwaka 1942 katika ajali ya ndege, akiwa na umri wa miaka 38, kabla ulimwengu haujaanza kununua santuri za stirio. Alichokitambua ni hiki: sauti iliyorekodiwa kwa nguvu sawa katika njia zote mbili haisikiki kutoka spika ya kushoto wala ya kulia, bali katikati, mahali pasipo na kitu ila ukuta. Iliyorekodiwa kwa nguvu zaidi kidogo kulia husogea kulia kwa kadiri hiyo. Mwimbaji wa namna hii hayumo ndani ya spika yoyote. Amesimama juu ya makubaliano ya spika mbili, na zikikosana hana mahali pa kuweka miguu.

Najua baadhi yenu, hasa mliohudhuria semina ya wanandoa mwezi uliopita, mnangoja nigeuze spika hizi kuwa mfano wa ndoa. Sitafanya hivyo. Wanandoa hawachaguliwi kwa mita, wala hawatakiwi kufanana.

Basi nilinunua Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wufa mbili za inchi sita na nusu, yaani spika za sauti nene na za kati, na twita mbili za sauti nyembamba. Wufa zote mbili zilikuwa na karatasi moja nyuma ya sumaku, namba ileile, maandishi yaleyale. Fundi seremala wetu alinitengenezea makasha mawili ya mbao za MDF za milimita 18, yaliyozibwa kabisa, yenye nafasi ya lita 14 kila moja. Kazi yake haikuwa na kasoro. Nilifunga, nikalehemu, nikaketi katikati, nikaucheza wimbo.

Kaka alikuwapo, lakini alikuwa akitangatanga. Alipoanza shairi kwa sauti ya chini alivutwa kuelekea kushoto, karibu na akina mama. Alipopanda, hasa kwenye neno lenye irabu "i", alirukia kulia. Neno moja la silabi nne lilitembea chumba kizima. Mtu aliyesimama mikono nyuma alikuwa akikimbia mbele yangu kama anayetafuta mlango, na nawaambieni kweli, baada ya dakika tano nilizima kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Kwanza nilikilaumu chumba, maana upande mmoja kina dirisha lenye pazia na upande wa pili kina ukuta mtupu. Kisha nilidhani nimekosea waya. Kosa hilo ni la kawaida sana: ukifunga chanya mahali pa hasi katika spika moja, koni moja inakwenda mbele wakati mwenzake anarudi nyuma, sauti nene zinapotea, na mwimbaji anaelea pasipojulikana. Nilizikagua kwa betri ndogo ya volti moja na nusu. Ukigusisha betri kwenye waya, koni husogea mbele au nyuma, na zangu zote mbili zilisogea mbele. Waya zilikuwa sahihi. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nilizibadilisha spika mahali, ya kushoto ikaenda kulia. Kutangatanga nako kukahama. Sasa kaka alivutwa kulia alipokuwa chini na kurukia kushoto alipopanda. Chumba hakikuwa na hatia.

Katika seminari ndogo nilikuwa msaidizi wa mwalimu wa fizikia, aliyekuwa na msemo wake kwamba mwenye mita hahitaji kubishana. Nilichukua rezista ya omu 1,000, nikaifunga kati ya amplifaya na wufa, nikacheza mlio mmoja safi kutoka kwenye simu, na kusoma kwa mita volti zilizopo kwenye ncha za wufa. Kwa kuwa rezista ile ni kubwa mno kuliko spika, mkondo wa umeme haubadiliki kitu, na zile volti hupanda na kushuka kadiri spika inavyoupinga umeme. Nilianzia hezi 100 nikashuka polepole. Volti zilipanda, zikafika kileleni, zikaanza kushuka tena. Kilele hicho ndicho masafa ya asili ya koni, mahali ambapo koni na vishikio vyake hupenda kutikisika vyenyewe, kama bembea iliyoachwa huru.

Wufa ya kwanza: hezi 41. Ya pili: hezi 49.

Nilidhani nimemkamata mwizi, kumbe nilikuwa nimemshika jirani yake. Wanaojua mambo haya wanafuata vipimo vilivyowekwa na Neville Thiele, mhandisi wa Australia, katika makala yake ya mwaka 1961, na kuendelezwa na Richard Small, Mmarekani aliyefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukisoma kwa utulivu unagundua kwamba tofauti ya masafa ya asili, peke yake, si kosa kubwa. Masafa hayo hutegemea vitu viwili: uzito wa koni, na ugumu wa vishikio vyake, yaani ule ukingo wa mpira na kile kitambaa kilichokunjwakunjwa nyuma yake. Ugumu wa vishikio hubadilika. Spika mpya ni ngumu, na ikitumika hulainika. Tena ukishaifunga katika kasha dogo lililozibwa, hewa iliyofungiwa humo hugeuka springi yenye nguvu kuliko vishikio vyenyewe, na tofauti ya vishikio humezwa. Tofauti ya uzito haimezwi na kitu. Na tofauti ya nguvu ya sumaku kadhalika.

Kwa hiyo swali likawa: je, wufa zangu zilitofautiana kwa ugumu tu, au kwa uzito? Koni huwezi kuing'oa uiweke kwenye mizani. Lakini unaweza kuiongezea uzito unaoujua na kuona masafa yameshuka kiasi gani. Nilikwenda jikoni nikaomba donge la unga wa chapati, nikalipima katika mizani ya zahanati, gramu 10 kamili, nikalibandika kuzunguka kitovu cha koni. Mpishi wetu alitazama yote haya bila kusema neno, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko donge. Wufa ya kwanza ilishuka kutoka hezi 41 hadi 32. Gawa 41 kwa 32, zidisha jibu kwa lenyewe, toa moja, kisha gawa zile gramu 10 kwa kinachobaki: unapata gramu 15.6. Ya pili ilishuka kutoka 49 hadi 37, na hesabu ileile inatoa gramu 13.3.

Gramu mbili na robo hivi. Ni kidogo kuliko kijiko cha sukari. Lakini sumaku zikiwa sawa, koni nyepesi inaizidi nzito kwa karibu desibeli 1.4, na sikio la mtu aliyeketi katikati ya spika mbili hulitambua hilo mara moja, kwa mwimbaji kusogea. Ningeweza kupunguza upande mmoja kwa kitufe cha balansi. Nilijaribu. Alitulia chini, akazidi kuruka juu, kwa sababu huko juu karatasi nene na karatasi nyembamba hujikunja kila moja kwa namna yake, na hakuna kitufe cha jambo hilo. Nilipoziweka wufa mbili chini ya taa ya mezani ndipo nilipoona kile ambacho macho yangu yalikuwa yamepita juu yake mara ishirini: karatasi ya moja ilikuwa na weusi mzito zaidi, na gundi ya kitovuni ilikuwa pete pana. Pengine zilitoka katika mafungu mawili ya kiwandani. Namba ilikuwa moja, spika zilikuwa mbili.

Nilirudi Kariakoo na mfuko wenye amplifaya ndogo, mita, rezista yangu, na udongo wa kufinyangia niliouazima kwa watoto wa chekechea, gramu 10, maana unga hukauka. Nilimwamkia muuzaji shikamoo, mzee wa Kipemba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaitikia marahaba na kuniuliza nina shida gani. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Padre, hizi zote ni mama mmoja, baba mmoja."

"Mzee, mimi na kaka yangu pia tulikuwa mama mmoja, baba mmoja. Yeye aliongoza kwaya. Mimi mwalimu alinishauri nijaribu soka."

Alicheka, akanisogezea kigoda, akateremsha kutoka rafu za juu wufa zote alizokuwa nazo za namba ile. Zilikuwa nane. Nilizipa namba kwa chaki, na kwa kila moja nikatafuta masafa ya asili, uzito wa koni, na ile namba ambayo Thiele na Small wanaitumia kuonyesha jinsi koni inavyodhibitiwa isiendelee kutikisika baada ya umeme kukoma. Ikiwa ndogo, sumaku ina nguvu. Ilinichukua tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, pamoja na nusu saa ya umeme kukatika. Watu walijikusanya. Kijana mmoja fundi redio alikaa nami mpaka mwisho akiandika tarakimu, na wufa za mwishoni alizipima yeye.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nanyi mnivumilie nikienda taratibu. Namba tano ilikuwa bora kuliko zote. Sumaku yake ilikuwa na nguvu, koni yake nyepesi, na sauti yake ya wazi hata ilipokuwa mezani bila kasha. Mzee mwenyewe, ambaye sasa alikuwa ameacha wateja wengine kwa mjukuu wake, alisema, "Chema chajiuza, Padre, chukua hiyo." Nami nilitamani. Lakini katika zile saba zilizobaki hapakuwa na hata moja inayokaribia kuwa mwenzake. Kuichukua kungekuwa kununua ugonjwa uleule kwa bei ileile.

Namba mbili na namba sita zilikuwa na masafa sawasawa kabisa, hezi 44 na hezi 44, na yule kijana alizitenga upande akidhani kazi imekwisha. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa dakika nzima. Lakini ile namba ya udhibiti ilikuwa 0.38 kwa moja na 0.51 kwa nyingine. Walilingana katika kile kisicho na uzito, wakaachana katika kile chenye uzito: sumaku moja ilikuwa dhaifu. Ukizifunga kwenye makasha sawa, moja ingeanza kulegea sauti nene mapema, na nyingine ingevimba.

Nilichukua namba tatu na namba saba. Kwa macho hazikuonekana kuwa jozi: hezi 43 na hezi 46. Lakini namba za udhibiti zilikuwa 0.43 na 0.46. Gawa masafa kwa namba hiyo, na zote mbili zinakupa 100. Koni zilikuwa na gramu 14.5 kila moja, kwa kadiri mita yangu ilivyoweza kuona, na karatasi zake ukizitazama juani zilikuwa za rangi moja. Maana yake ni kwamba uzito ni mmoja, sumaku ni moja, na kilichotofautiana ni vishikio tu. Nilipiga hesabu ya kasha la lita 14 mbele ya mzee, nyuma ya risiti: moja ingesimama karibu na hezi 71, nyingine karibu na hezi 72. Zile hezi tatu za tofauti zingebaki kama mbili, na hata hizo ningezipunguza kwa kuzichezesha zilainike. Hazikuwa bora. Kati ya nane, mojamoja, ningezipa nafasi ya nne na ya tano. Namba tano ilibaki rafuni Kariakoo ikiwa na chaki yake, na naamini kuna mtu anayehitaji spika moja tu ataipenda sana.

Mzee alikataa kuzirudisha zile za kwanza, na alikuwa na haki, kwani nilikuwa nimezilehemu. Sasa zipo katika ukumbi wa vijana, kila moja ikiwa peke yake katika kona yake, na hakuna anayelalamika.

Nilisoma baadaye kwamba shirika la BBC lilipounda katika miaka ya 1970 spika yake ndogo iitwayo LS3/5A, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo, shughuli kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kuchagua. Wufa na twita za kampuni ya KEF zilipimwa na kupangwa kwa madaraja kabla ya kuoanishwa, na kila spika iliyokamilika ilipaswa kufanana na spika ya mfano, ili mtangazaji akitoka gari moja kuingia jingine asikie kitu kilekile. Ilinifariji kujua kwamba hata wao hawakuiamini namba iliyo nyuma ya sumaku.

Usiku tatu za mlio mnene mnazijua. Baada ya hapo masafa yalikuwa yameshuka, hezi 40 na hezi 42, kama nilivyotarajia. Twita zilikuwa sawa tangu mwanzo, nadhani kwa bahati tu. Kapasita zinazozilinda twita nilinunua kumi za mikrofaradi 4.7, kwa kuwa ni za bei ndogo, na kati ya kumi nilipata mbili zilizosoma 4.6 zote.

Kisha, Jumamosi usiku, baada ya maungamo, nilifanya jaribio la mwisho. Unazikabilisha spika mbili uso kwa uso, karibu kugusana, unageuza waya za moja ili chanya iwe hasi, na unazipa zote mbili sauti moja. Moja inaposukuma hewa, nyingine inaivuta. Kama zinafanana, zinafutana. Kama hazifanani, unachokisikia ndicho kile zinachohitilafiana, hicho tu, bila kingine. Jozi ya kwanza nilikuwa nimeifanyia hivyo, na kati ya yale makasha mawili sauti ya kaka ilitoka nyembamba na kavu, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa mto. Yote yaliyokuwa yakimkimbiza chumbani yalikuwa pale. Safari hii niliweka jozi mpya, nikaongeza sauti hadi nusu, na sauti nene zikazimika. Zilibaki "s" na "sh" za waimbaji zikichakarika kwa mbali, kwani sauti za juu mawimbi yake ni mafupi mno na mwanya mdogo tu unayaachia. Nilitia kidole kwenye mwanya, nikagusa koni. Ilikuwa ikitetemeka kwa nguvu zake zote. Kwaya nzima ilikuwa ikiimba mle ndani, waimbaji thelathini na wawili, na chumba kilikuwa kimya.

Nilirudisha waya mahali pake, nikaziweka spika sehemu zake, lakini sikuucheza wimbo. Nilikuwa nimemwalika mama, aje baada ya misa ya pili.

Mama ana miaka 78. Nilimketisha katikati, kwenye kiti changu, nikamwekea mto mgongoni, mimi nikakaa sakafuni mbele ya miguu yake, mahali ambapo stirio haifai kitu. Kaka alianza. Hata kutoka pale sakafuni nilimsikia hakusogea. Alishuka, akapanda, akalishika lile neno la silabi nne, akalimaliza akiwa bado amesimama karibu na mlango, hatua mbili tatu kulia. Nilimgeukia mama ili nimwone akitazama pale.

Hakuwa akitazama pale. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa pili, na mkono wake umeinuka kidogo kutoka kwenye goti, kama mtu anayeomba wengine wanyamaze. Kiitikio kikaingia, akina mama wakaitikia.

"Kaka yako namjua," alisema. "Lakini huyu wa huku," akanyoosha kidole kushoto, kwenye kabati la vitabu, "huyu anayechelewa kumaliza neno. Ni mimi."

Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule labda mara mia mbili, na mara zote mia mbili nilikuwa nimegeukia kulia. Nilisogea nikaegemea kiti chake, tukasikiliza. Alikuwapo, nusu hatua nyuma ya wenzake, akiachia kila neno kwa shida kama mtu anayeshusha ndoo.

Akaniomba nirudishe mwanzo.